Nusu kaputi na kifua kinachowaka: dawa ya usingizi inazituliza chembe za kinga au inazifunga mikono?

Mama Nasra wa Tabata #1
Habari za jioni wakuu. Mwanangu ana miaka 5, anatakiwa kutolewa nyama za puani. Usiku anakoroma kama mtu mzima na mara nyingine pumzi inakata kabisa, mpaka nimehamia kulala chini pembeni ya kitanda chake nimsikilize. Jumatatu tumeamka saa tisa usiku, mtoto hajala, tumefika, kavalishwa gauni la kijani. Daktari wa usingizi akamsikiliza mgongoni, akamwambia akohoe, akatikisa kichwa. "Kifua bado kinawaka. Mrudishe nyumbani, njooni baada ya wiki nne."

Sikugombana naye. Ila pale kwenye benchi mama mmoja akaniambia nimshukuru Mungu, maana nusu kaputi inaua chembe nyeupe za damu, na mtoto mwenye kikohozi akipewa anatoka na nimonia. Kufika nyumbani, jirani yangu anayesoma famasia akasema ni kinyume chake: gesi za usingizi zinatuliza mapafu yaliyovimba, Ulaya hata wagonjwa mahututi wanapewa.

Hawa wawili hawawezi kuwa sahihi wote. Naomba kuelezwa, dawa ya usingizi inazifanya nini zile chembe za kinga zilizomo kwenye mapafu yenye uvimbe? Nielezeni kama mtu aliyeishia kidato cha nne lakini anayesikiliza.

Chuma cha Pua #2
Siti ya mbele kabisa. Wajuvi njooni.

Baharia Mstaafu #3
Mama wa benchi yuko sahihi. Mwaka 1983 nilipasuliwa ngiri, nikalazwa kwa etha. Harufu yake mpaka leo nikipita karibu na gereji ya rangi inanirudia. Siku ya nne nikapata kichomi, nikatema makohozi ya rangi ya kutu. Niliingia mzima nikatoka mgonjwa wa mapafu. Dawa inayoweza kuulewesha ubongo wa mwanaume mwenye kilo 80 itashindwaje kuzilewesha chembe za damu ambazo hata macho hayazioni?

Panya wa Maabara #4
Mama Nasra, twende taratibu.

Ndani ya vifuko vya hewa kuna wakazi wa kudumu wanaitwa makrofaji. Wachukulie kama mjumbe wa nyumba kumi. Wanaishi humohumo, wanafagia vumbi na masizi, hawapigi kelele. Kikiingia kijidudu kikawashinda, wanatoa ishara za kemikali ziitwazo saitokini: TNF, interleukini 1, 6, na ya 8 ambayo kazi yake kubwa ni kuwaita neutrofili kutoka kwenye damu. Neutrofili ndio sungusungu. Wanafika kwa maelfu, wanashika ukuta wa mshipa, wanajipenyeza, wanameza vijidudu na kumwaga vimeng'enya vikali. Usaha wa jipu, kwa sehemu kubwa, ni mizoga yao.

Shida ya sungusungu ni kwamba wakija kumpiga mwizi, na mwenye nyumba anavunjiwa madirisha. Silaha zinazomuua kijidudu zinachoma pia ukuta wa kifuko. Ukuta ukivuja, maji yenye protini yanajaa mahali pa hewa, na mtu anazama akiwa kitandani.

Sasa dawa. Gesi kama isoflureni na sevoflureni zinapunguza nguvu ya swichi moja ndani ya seli, NF-kB, inayowasha utengenezaji wa saitokini. Kuna kazi ya maabara ya Boston iliyoonyesha kuwa isoflureni inaingia kwenye kijishimo cha molekuli iitwayo LFA-1, ule mkono ambao chembe nyeupe inautumia kushika ukuta, na kuuacha umekunjwa. Propofoli, dawa ya usingizi ya sindano, inapunguza mwendo wa neutrofili na uwezo wao wa kumeza. Ketamini, nayo ya sindano, inashusha TNF na interleukini 6.

Kwa hiyo jirani hakukudanganya. Na mama wa benchi amekosea neno moja, "inaua". Chembe haziuawi, zinapunguziwa kasi. Kama hilo ni jema au baya inategemea humo ndani mwizi bado yupo au alishaondoka.

Nesi wa Usingizi #5
#4 kaeleza vizuri, ila hujajibu kwa nini mtoto alirudishwa. Nimesomea usingizi Moshi na nipo thieta mwaka wa kumi na moja. Tunapomrudisha mtoto mwenye mafua na kikohozi, wala hatuwazi saitokini. Tunawaza koo. Njia ya hewa iliyotoka kuugua inakuwa na hasira, neva zake zinashtuka kwa jambo dogo. Ukiingiza mpira, au tone la damu au mate likigusa nyuzi za sauti, koo linajifunga ghafla na hewa haipiti. Mtoto anabadilika rangi mbele yako kwa sekunde chache. Hasira hiyo inabaki wiki kadhaa hata mafua yakiisha, ndiyo maana mkaambiwa wiki nne. Na upasuaji wa nyama za puani unafanyika palepale koo lilipo.

Mama, huyo daktari alikutendea haki. Akina mama wengi wanaondoka wanalia kwa nauli na njaa ya mtoto, na ninawaelewa, lakini mimi nimewahi kuwa na mtoto aliyefunga koo mikononi mwangu. Alipona. Sijasahau.

Mama Nasra wa Tabata #6
Ahsante sana dada. Kumbe kuna mambo mawili tofauti. Hilo la koo sikuambiwa, niliambiwa "kifua" tu.

Kipupwe #7
Mimi ni ushahidi hai wa upande wa jirani. Nina pumu tangu utoto. Mwaka juzi nilipata ajali ya bodaboda Ubungo, mguu ukavunjika, nikafika hospitali kifua kinapiga filimbi. Wakanipa ketamini. Nilipozinduka nilikuwa nimeota mambo ya ajabu sana, lakini kifua kilikuwa cheupe, hakijawahi kuwa vile kwa miezi. Dawa ya usingizi ilituliza uvimbe wa mapafu yangu.

Panya wa Maabara #8
Pole sana Kipupwe, ila hapo umechanganya. Kilichofunguka kwako ni misuli inayozunguka mirija ya hewa. Ketamini inailegeza, halotheni na sevoflureni pia, kwa dakika chache tu, ndiyo maana watu wa usingizi wanazipenda kwa wenye pumu. Uvimbe wenyewe, yaani chembe za kinga zilizojaa kwenye kuta za mirija, hautoki kwa dakika hizo. Na si kila gesi ni rafiki: desflureni inawasha njia ya hewa.

Kipupwe #9
Nimekubali kuhusu misuli. Lakini zile wiki mbili nzuri baada ya pale? Misuli ilikaa imelegea wiki mbili?

Nesi wa Usingizi #10
Ulilazwa wodini, kaka. Hukupanda bodaboda, hukuvuta vumbi la barabara, na nina hakika walikupa na dawa za pumu kwa saa zake. Hizo wiki mbili mpe nesi wa wodi sifa kidogo.

Kipupwe #11
Walinipa predinisoloni, ni kweli. Nilisahau kuitaja.

Chuma cha Pua #12
Shahidi kapotea kortini mapema hivi! Endeleeni.

Kijana wa Famasia #13
Mimi ndiye jirani. Mama Nasra kanitumia uzi.

Nilichosema nilikisoma. Zurich kuna kundi ambalo limelifanyia kazi jambo hili miaka mingi. Mwaka 2009 walitoa utafiti wa wagonjwa waliopasuliwa kifua. Upasuaji wa namna hiyo pafu moja linazimwa kwa muda, linasinyaa, na likirudishiwa hewa linavimba hata bila kijidudu. Nusu ya wagonjwa walilazwa kwa propofoli, nusu kwa sevoflureni. Walipoosha pafu na kupima yale maji, waliopewa sevoflureni walikuwa na ishara chache za uvimbe. Mwaka 2017 Clermont-Ferrand, Ufaransa, wakachukua wagonjwa mahututi 50 wenye mapafu yaliyojaa maji. Waliolazwa kwa sevoflureni walipata oksijeni bora ndani ya siku mbili kuliko waliopewa midazolamu, dawa ya kutuliza ya sindano, na protini inayoonyesha ukuta wa mapafu umeumia ikashuka.

Sikutoa kichwani.

Mlinzi wa Zamu ya Usiku #14
Kijana, nakuheshimu kwa kusoma, lakini umeishia katikati ya safari. Ni kama mtu aliyeshuka Chalinze akasema amefika Moro.

Kundi hilohilo la Zurich mwaka 2016 lilitoa utafiti mkubwa zaidi, wagonjwa 460 wa upasuaji wa mapafu, desflureni dhidi ya propofoli. Matatizo makubwa baada ya upasuaji hayakutofautiana. Na hao Wafaransa hawakuishia 2017. Walikusanya wagonjwa 687 kwenye vyumba 37 vya wagonjwa mahututi, matokeo yakatoka 2025. Waliopewa sevoflureni ndio waliofanya VIBAYA zaidi. Kufikia siku ya 90 waliokuwa hai walikuwa asilimia 47.1, na upande wa propofoli asilimia 55.7.

Ishara za uvimbe kwenye maji ya mapafu si mgonjwa. Mgonjwa ni yule aliyerudi nyumbani au hakurudi.

Kijana wa Famasia #15
Hiyo ya 2025 sikuwa nimeiona. Nimeisoma sasa hivi. Nimenyamaza kidogo.

Binti Mtoni #16
Usinyamaze, swali ndiyo kwanza linanoga. Kama gesi inapunguza ukali wa chembe, na ukali wa chembe ndio unaoharibu mapafu, watu walikufa zaidi kwa nini?

Panya wa Maabara #17
Nadhani ni suala la mwizi kuwemo ndani. Utafiti ule ulianza 2020, wakati wa korona, na wagonjwa wengi walikuwa na virusi hai kwenye mapafu. Ukiwakunja mikono sungusungu kwa siku kadhaa wakati mwizi bado anavunja kabati, umemsaidia nani? Propofoli nayo si malaika. Panya waliopewa propofoli kisha wakaambukizwa listeria, bakteria waliongezeka mwilini mwao kuliko wenzao. Kwa hiyo kila dawa ya usingizi inakunja mikono kwa kiasi chake.

Nesi wa Usingizi #18
Mimi siendi huko. Gesi ile kwenye chumba cha mahututi inapitishwa kwenye kifaa kinachokaa kati ya mpira wa kooni na mashine ya kupumulia. Kifaa kina nafasi ndani yake, mililita 50 hadi 100, ambamo hewa chafu inabaki na kurudishwa ndani kila pumzi. Kwa mtu mwenye mapafu mazima si kitu. Kwa mtu ambaye pumzi yake nzima ni mililita 350, ni mzigo. Watu wa maabara kila kitu ni seli. Sisi tunaanza na bomba.

Mlinzi wa Zamu ya Usiku #19
Na mimi nasema ni mashine yenyewe. Mwaka 2000 Wamarekani walilinganisha wagonjwa 861 wa mapafu haya haya: nusu wakasukumiwa hewa mililita 12 kwa kila kilo, nusu 6. Kwa pumzi ndogo walikufa asilimia 31, kwa pumzi kubwa karibu 40. Hakuna dawa ya usingizi iliyolinganishwa pale. Kifuko kikivutwa kupita kiasi, chenyewe kinatoa saitokini na kuwaita neutrofili bila kijidudu chochote. Sasa niambieni, mtu yuko kwenye mashine siku kumi, utajuaje uvimbe huu umeletwa na dawa, na huu na mashine?

Panya wa Maabara #20
#19, pande zote mbili za utafiti wa 2025 walikuwa kwenye mashine. Mashine haielezi tofauti.

Nesi wa Usingizi #21
Lakini kifaa changu kinaielezea, maana wa propofoli hawakuwa nacho.

Panya wa Maabara #22
Inawezekana. Sikubali, ila inawezekana.

Baharia Mstaafu #23
Mnazunguka Ufaransa na Zurich, kichomi changu cha 1983 hakuna aliyekigusa.

Nesi wa Usingizi #24
Shikamoo mzee wangu. Niulize kidogo. Baada ya kupasuliwa ngiri, ulikuwa unakohoa?

Baharia Mstaafu #25
Marahaba. Nikohoe nini na kidonda kinauma kama kisu? Nililala chali siku tatu, nilikuwa nashika pumzi hata nikitaka kupiga chafya.

Nesi wa Usingizi #26
Basi mzee, hapo ndipo ninapopaona mimi. Mirija ya hewa ina vinywele vinavyosukuma makohozi kwenda juu. Etha na gesi kavu vinavipunguzia kasi, etha yenyewe inawasha na kujaza mate na makohozi, halafu maumivu yanakunyima kukohoa. Sehemu ya chini ya pafu inasinyaa, makohozi yanakaa, vijidudu vinapata shamba. Leo wagonjwa wangu nawakalisha siku hiyohiyo, nawapa mto wa kukumbatia tumboni wakohoe, na dawa ya maumivu ya kutosha. Wengine wananichukia saa hiyo.

Panya wa Maabara #27
Na upasuaji wenyewe una mkono wake, mzee. Mwili ukikatwa unamwaga kotisoli na adrenalini, na kotisoli ni ndugu wa ile predinisoloni aliyosahau Kipupwe. Inazizuia chembe za kinga pengine kuliko gesi. Ndiyo maana kesi moja ya mtu mmoja haiwezi kumpeleka mshitakiwa jela.

Baharia Mstaafu #28
Nimewasikia wanangu. Huo mto wa kukumbatia ungekuwepo 1983. Lakini na etha ibaki kwenye orodha ya washukiwa, siiondoi.

Binti Mtoni #29
Hapa nina langu, na nalisema kwa sababu linaniuma. Mdogo wangu alipangiwa upasuaji wa dharura wa kidole tumbo, hospitali moja hapa mjini. Bibi alimnywesha uji asubuhi kwa kumwonea huruma, na hakuna aliyetuuliza. Wakati anapewa usingizi akatapika, ule uji ukaingia mapafuni. Alikaa mahututi siku sita. Daktari alituambia mapafu "yameungua". Nilidhani ni lugha tu.

Nesi wa Usingizi #30
Pole sana mdogo wangu. Si lugha tu. Mwaka 1946 daktari mmoja wa New York, Mendelson, aliandika juu ya akina mama waliovuta matapishi wakiwa kwenye usingizi wa kujifungua. Asidi ya tumbo inachoma mapafu ndani ya saa chache, hakuna kijidudu, na neutrofili wanakuja kwa wingi uleule. Ndiyo sababu tunasema chakula mwisho muda wa saa sita kabla ya usingizi, maji matupu muda wa saa mbili kabla. Uji ni chakula. Maziwa ni chakula. Chai ya maziwa ni chakula, akina mama.

Na kuuliza ni kazi yetu sisi, si kosa la bibi. Mwambie hivyo.

Kijana wa Famasia #31
Nimerudi. Huo uji umenipa wazo. Kwa mapafu yaliyoungua kwa asidi hakuna mwizi, kuna sungusungu peke yao wanavunja madirisha. Pafu lililozimwa na kurudishiwa hewa pia hakuna mwizi. Huenda ndiyo maana Zurich waliona ishara nzuri, na Wafaransa na korona yao wakaona mabaya. Sijaiacha hoja yangu, nimeipunguza ukubwa.

Mlinzi wa Zamu ya Usiku #32
Hoja nzuri. Ila pafu lililoungua kwa asidi siku ya tatu lina bakteria waliotoka mdomoni. Mwizi anaona mlango uko wazi, anaingia. Utamtuliza nani, siku ipi?

Kijana wa Famasia #33
Siku ya kwanza?

Mlinzi wa Zamu ya Usiku #34
Na utajuaje usiku wa manane kuwa ya kwanza imekwisha?

Kipupwe #35
Swali la pembeni. Propofoli ni ile nyeupe kama maziwa? Kuna jamaa aliniambia ndani kuna mafuta ya soya.

Panya wa Maabara #36
Ndiyo, mafuta ya soya na kiini cha yai. Vijidudu navyo vinaipenda. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 hospitali kadhaa za Marekani zilipata wagonjwa walioambukizwa kwa sababu chupa iliyofunguliwa ilitumiwa kwa zaidi ya mtu mmoja au ikakaa muda mrefu. Kwa hiyo mtu akipata maambukizi baada ya propofoli, kabla ya kuzilaumu chembe nyeupe, ulizeni chupa ilifunguliwa saa ngapi.

Chuma cha Pua #37
Dada Nesi, kwa mtoto wa Mama Nasra si wampige tu sindano ya mgongo, hizi gesi zote tuzikwepe?

Nesi wa Usingizi #38
Kaka Chuma, sindano ya mgongo inatia ganzi kuanzia kiunoni kushuka. Nyama ziko nyuma ya pua. Pale chagua nusu kaputi au usipasue.

Chuma cha Pua #39
Narudi kwenye siti yangu.

Mama Nasra wa Tabata #40
Nimesoma yote, mara mbili. Swali la mwisho. Mwanangu hayuko mahututi, hatakaa siku kumi kwenye mashine. Ni kazi ya nusu saa. Hizi chembe zake zitalala kiasi gani?

Panya wa Maabara #41
Gesi inatoka kwa pumzi. Kwa mtoto mzima, ndani ya saa chache nyingi imeshaondoka, na chembe zinarudi kazini. Mimi nisingekosa usingizi kwa hilo.

Mlinzi wa Zamu ya Usiku #42
Hapo nakuunga mkono, kwa mara ya kwanza leo.

Nesi wa Usingizi #43
Mama Nasra, siku ukirudi usingoje kuulizwa. Sema mwenyewe: lini alikohoa mara ya mwisho, makohozi yalikuwa na rangi gani, alipata homa lini. Sema anakata pumzi usiku, hilo ni muhimu kuliko yote. Kama alizaliwa njiti, kama kuna mwenye pumu kwenye ukoo, kama kuna anayevuta sigara ndani. Moshi wa nyumbani unaliongezea koo la mtoto hasira.

Mama Nasra wa Tabata #44
Nimerudi, zile wiki nne zinakaribia kwisha. Wameniita Jumanne ijayo. Nimeandika kwenye daftari la shule la kaka yake: kikohozi cha mwisho usiku wa tarehe 3, makohozi meupe, homa hakuna, usiku anakata pumzi, hakuzaliwa njiti. Baba yake ana pumu, nimeandika. Havuti.

Nesi wa Usingizi #45
Na unapika wapi?

Mama Nasra wa Tabata #46
Mkaa. Mvua ikinyesha naliingiza jiko koridoni, mlango wa chumba cha watoto unatazamana nalo.

Nimeandika na hilo. Jiko lenyewe nimelitoa nje sasa hivi.